Ukitaka Kufundisha Ufinyanzi Mtaani, Panga Moto Kwanza

Mwanafunzi wa ufinyanzi haachi darasa siku udongo unapomshinda. Siku hiyo hucheka, huukusanya, huukanda upya, na wiki inayofuata anarudi. Anaacha siku anapokuja kuchukua chungu chake akaoneshwa vigae. Ada ameshalipa, wa nyumbani ameshawatangazia, pengine na mahali pa kukiweka ameshapachagua. Leo anarudi mikono mitupu, na huenda usimwone tena.

Nawaandikia mafundi ambao kazi yao inajulikana mtaani na majirani wamekwisha kuwauliza, "Mbona hutufundishi?" Ni swali jema, na natamani wengi walijibu kwa kufungua darasa. Mitungi, mikungu, vyetezo na vyungu vya kupikia vilivyokuwa katika nyumba za bibi zetu vimepisha sufuria na ndoo za plastiki, na mahali pengi ujuzi wa kuvitengeneza umebaki kwa wachache ambao umri umekwenda. Darasa la mtaani linaweza kuuhamisha ujuzi huo kabla haujazikwa. Lakini kufinyanga ni kazi moja, kufundisha kufinyanga ni kazi nyingine. Chungu chako unakichoma ukijua kila hatua kiliyopitia. Vyungu vya wanafunzi vimepita katika mikono ambayo haijawahi kushika udongo, na vyote vinaingia katika moto mmoja. Kwa hiyo panga darasa kuanzia motoni kurudi nyuma: amua kwanza mtachoma lini, mtachomea nini, na vyombo vya ukubwa na unene gani. Ndipo uamue siku ya kwanza watu watafinyanga nini.

Anza na udongo wako mwenyewe. Udongo unaokutii wewe unaweza kumtesa mwanafunzi, maana vidole vyako vimeshazoea kasoro zake hata huzioni tena. Tengeneza vibapa kadhaa vya majaribio, na juu ya kila kimoja chora mstari wa sentimita 10 kikiwa kibichi. Kausha, pima, choma, pima tena. Mstari ukibaki sentimita 9, udongo unanywea kwa asilimia 10, na kwa kazi ya mwanafunzi hapo pana hatari. Sehemu nyembamba itakauka na kunywea mapema, sehemu nene itachelewa, na ufa utapita katikati yake. Dawa ni kuongeza kitu kisichonywea. Mchanga safi unafaa, ila mimi napendelea unga wa vigae: vyungu vilivyovunjika vinatwangwa, vinachekechwa, vinachanganywa na udongo wakati wa kukanda. Kigae kimekwisha kupita motoni, hakina tena maji ya kupoteza, na kinaacha upenyo wa mvuke kutoka. Jaribu sehemu moja ya unga kwa sehemu tano za udongo, kisha pima upya uone kama unahitaji zaidi.

Kokoto za chokaa nazo zitoe bila huruma. Zikichomwa hugeuka chokaa hai. Chungu kinatoka motoni kizuri kabisa, mwenyewe anakichukua kwa furaha, na baada ya siku chache ile chembe inakunywa unyevu wa hewa, inavimba na kubandua kipande cha ukuta. Mafundi wa pwani, ambako ardhi imechanganyika na mawe ya matumbawe, wana kazi kubwa zaidi hapa. Loweka udongo hadi uwe uji, uupitishe kwenye chekecheke, uache utulie, mwaga maji ya juu. Kazi hii ifanye pamoja na wanafunzi angalau mara moja, hata kama siku nyingine utawapa udongo ulio tayari. Anayejua udongo ulikotoka hauchezei ovyo.

Udongo hauokotwi tu. Una ardhi yake, na ardhi ina wenyewe. Muulize mwenye shamba, nenda ofisi ya kijiji au ya mtaa, na kwa Tanzania kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa na bahari. Usichimbe kwa kupenya chini kama pango. Kuta za shimo la namna hiyo huporomoka juu ya watu. Chimba kwa ngazi, na ukimaliza fukia, maana watoto hucheza popote.

Na kabla ya jembe kuingia, uliza kama wapo akina mama wanaochimba hapo tangu zamani. Sehemu nyingi za nchi zetu ufinyanzi ni kazi ya wanawake, inarithiwa katika ukoo, na machimbo yana miiko yake: nani aende, lini, asitamke nini. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe na Matema, pembezoni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, wanafinyanga kwa mikono na kwa muda mrefu vyungu vyao vimesafirishwa kwa mitumbwi hadi masokoni. Ilesi, karibu na Kakamega, wafinyanzi wana historia yao. Ukiwa kijana uliyesoma sanaa chuoni na unafungua darasa katika mahali pa aina hiyo, usifike kama mleta nuru. Nenda kwa bibi, toa shikamoo, kaa chini, eleza nia yako na usikilize. Akikubali kuja darasani, siku hiyo yeye ndiye mwalimu na wewe ni msaidizi wake. Mlipe malipo ya mwalimu, kamili, siku hiyo hiyo. Soda na nauli si malipo. Akikataa jambo fulani lisifundishwe kwa wasiohusika, usilifundishe. Utabaki na mengi ya kufundisha.

Sasa gurudumu. Wengi wanaahirisha kufungua darasa kwa sababu hawana magurudumu, nami nasema kwa msimamo: kwa darasa la mtaani la mwanzo, gurudumu ni kikwazo. Mtu huhitaji saa nyingi za mazoezi kabla hajaweza kuutuliza udongo katikati tu, na darasa la wiki sita halina saa hizo. Magurudumu mawili kwa watu wanane maana yake sita wanakaa kutazama. Kufinyanga kwa mkono kunamfikisha mtu kwenye chombo kamili siku ya kwanza. Wala asikuambie mtu kwamba mkono ni daraja la chini. Ladi Kwali wa Nigeria alijifunza kwao kujenga mitungi kwa kamba za udongo, akizunguka chungu badala ya chungu kuzunguka. Mwaka 1954 akajiunga na kituo cha mafunzo cha Abuja alichokianzisha Mwingereza Michael Cardew, akaonesha kazi yake Ulaya na Marekani, na leo yuko kwenye noti ya naira 20. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alikuwa akisomea sanaa Uingereza alipokwenda Abuja miaka ya 1970 na kujifunza kwa akina mama wa kituo hicho. Vyombo vyake vinavyowekwa katika makumbusho makubwa ya dunia amevijenga kwa mkono, akavisugua hadi vikang'aa bila glezi. Simulia habari hizo darasani. Mama wa mtaani akijua kwamba njia anayofundishwa imewafikisha wengine huko, anaketi mbele ya udongo wake kwa heshima nyingine.

Wiki sita zinatosha kwa kundi la mwanzo. Siku ya kwanza kila mtu abonyeze bakuli dogo kutoka katika donge linaloenea kiganjani: kidole gumba ndani, vingine nje, kuzungusha na kubonyeza, ukuta usizidi unene wa kidole kidogo cha mkono. Siku hiyo hiyo wapate somo la kukanda hadi hewa itoke. Wiki ya pili na ya tatu wajenge chungu kwa kamba za udongo, wakiunganisha kila duara na lililo chini yake kwa ndani na kwa nje. Hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi hufia: kamba zimebandikwa, hazikuunganishwa. Kwa macho chungu kinaonekana kizima, lakini kikianza kukauka kinafunguka mduara mzima. Simama kwa kila mmoja, pitisha kidole kwenye ungio, na kama unaona mstari mwambie arudie. Wiki ya nne ni ya kukwangua, kuchora kwa kamba iliyosokotwa au gunzi la muhindi, na kusugua kwa kokoto laini wakati udongo umekaza lakini haujapauka. Mpini au mkono wa chungu hubandikwa kabla ya hapo, wenyewe na chungu vikiwa na unyevu unaolingana. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na darasani methali hiyo ni maelekezo ya kazi: ukibandika mkono mbichi kwenye chungu kilichokauka, utauokota chini. Wiki ya tano ni ya kukausha, na ya sita ni ya moto.

Kila mwanafunzi atengeneze vyombo visivyopungua vitatu, akwaruze alama yake chini ya kila kimoja. Kisha uvigawe: viwili vichomwe siku moja, cha tatu siku nyingine. Moto mmoja ukiharibika, hakuna atakayepoteza kila kitu. Sijaona utaratibu unaolinda darasa kuliko huu, na haugharimu chochote zaidi ya kuandika orodha.

Wakati wa kufundisha, mikono yako izuie. Jaribu kubwa la fundi ni kuona ukuta unalegea na kuunyoosha mwenyewe kwa sekunde mbili. Chungu kitanyooka, na mwanafunzi ataondoka akijua kwamba hawezi. Chukua donge lako, kaa kando yake, fanya hatua ile ile polepole, mwache atazame kisha afanye kwenye chake. Ukilazimika kushika cha kwake, omba ruhusa. Chombo chake kikitoka pembe moja juu, pembe nyingine chini, lakini maungio ni imara na unene unalingana, kisifie kwa hayo mawili kwa sababu ndiyo yatakayokivusha. Uzuri wa umbo utakuja na kurudia. Na usimsifu mtu kwa uongo. Anayesifiwa kwa kazi dhaifu ataamini kwamba moto ndio uliomwonea.

Kukausha kunaonekana si kazi, kumbe ndiko kunakoamua. Vyombo vikae kivulini, mbali na upepo unaopiga upande mmoja, juu ya mbao au magunia ili chini navyo vipumue. Siku mbili za kwanza vifunike mdomo kwa plastiki nyepesi au kitambaa chenye unyevu, maana ukingo hukimbilia kukauka kuliko kitako. Kujua kama kimekauka, kiguse kwa shavu: kikiwa baridi, bado kuna maji ndani. Pwani wakati wa masika unyevu wa hewa unaweza kukifanya chungu kikae wiki mbili na bado shavu likatambua ubaridi. Ushauri wangu ni kuanza kundi jipya masika yakiisha, kipupwe kikiingia, ambapo kuni nazo ni kavu. Vijijini angalia pia msimu wa kulima na kuvuna, na popote ulipo usipange kipindi kigongane na gulio, sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili.

Moto sasa. Wengi wetu tunachoma uwanjani bila tanuri, kwa kuni, nyasi, magome au samadi kavu, na inatosha kabisa kwa darasa. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yakifika nyuzijoto 100 hugeuka mvuke, na mvuke usiopata njia hupasua chungu kwa mlio. Kwa hiyo pasha kwanza. Panga vyombo kuzunguka moto mdogo, vigeuze mara kwa mara kwa saa mbili au tatu, hadi visishikike kwa mkono mtupu. Ndipo uvipange juu ya kitanda cha kuni, vikubwa chini, vidogo juu na katikati, funika kwa kuni nyembamba na nyasi, kisha pembeni na juu weka vigae vikubwa vya kuzuia upepo. Udongo unapaswa kupita kiasi cha nyuzijoto 600 ndipo uache kuwa udongo. Kabla ya hapo, chungu kikiloweka maji kitarudi kuwa tope. Ukiona vyombo vyenyewe vimeiva wekundu hafifu ndani ya makaa, umefika. Njiani, kwenye nyuzijoto 573, chembe za kwatzi zilizomo katika udongo hubadilika ukubwa ghafla, wakati wa kupanda na tena wakati wa kushuka. Ndiyo sababu usimruhusu mwanafunzi mwenye hamu kuvuta chungu chake kutoka katika majivu mapema. Viache vipoe vyenyewe, hata kama ni hadi kesho asubuhi. Siku yenye upepo mkali ahirisha, hata kama watu wote wamefika.

Wape watu kazi siku hiyo: mmoja kuni, mmoja maji na mchanga wa kuzima, mmoja kulinda watoto wasisogee, mmoja kuandika saa na kilichofanyika. Daftari hilo la moto litakuwa mali ya darasa; kundi la tatu litachoma kwa ujuzi wa makundi mawili yaliyotangulia. Kamwe msichomee plastiki wala tairi, hata kuni zikiwa ghali. Moshi wake ni sumu kwa mnaosimama hapo na kwa majirani ambao bila wao hakuna darasa. Na waambie wanafunzi tangu siku ya kwanza, si siku ya hasara, kwamba moto unaweza kuvunja, na kwamba atakayevunjikiwa ana nafasi ya bure katika moto wa kundi linalofuata. Chungu kikivunjika, kaa naye, tazameni ufa pamoja. Ufa wa mduara ni ungio baya. Kipande cha mviringo kilichoruka ubavuni mara nyingi ni unyevu uliobaki ukutani. Ufa unaoshuka kutoka ukingoni ni kukauka kwa haraka. Akiielewa sababu, ana la kurekebisha wiki ijayo, na vigae vyake vinaingia kinuni kuwa unga wa udongo wake mpya.

Chombo kipya cha kupikia kina vinyweleo. Kabla hakijapelekwa nyumbani, fundisha kukiandaa: kiloweke, kichemshie uji mwepesi au maji ya mchele polepole, kiache kipoe nacho. Mtungi wa maji usiufanyie hivyo, maana vinyweleo vile ndivyo vinavyotoa jasho na kuyapoza maji. Rangi ya mafuta ya dukani isiguse chombo cha chakula. Na glezi usiyojua imeundwa na nini iache kabisa kwa vyombo vya kulia. Glezi zenye madini ya risasi zimeumiza watu, watoto kuliko wote. Vumbi la udongo mkavu nalo lina silika, ambayo ikivutwa kwa miaka huharibu mapafu, na anayelivuta kila siku ni wewe mwalimu. Sakafu usiifagie kavu. Ipigie deki, na mezani pitisha kitambaa chenye maji.

Kuhusu ada, mafundi wengi hujidhulumu. Wanahesabu kuni na udongo, wanasahau mikono yao. Chukua mfano wa wiki sita: udongo na usafiri wake shilingi 60,000, kuni 40,000, plastiki na vifaa vidogo 20,000, eneo 40,000. Ongeza saa zako, tuseme 36 ukijumlisha kuandaa, kufundisha na kuchoma, kwa shilingi 5,000 kila saa: 180,000. Jumla ni 340,000. Nafasi zikiwa nane, utashawishika kugawa kwa nane upate 42,500. Gawa kwa sita, kwa sababu wawili hawatakuja au hawatamaliza kulipa: kama 57,000. Wakija wote wanane, ziada inunue kuni za kundi lijalo, au imlipie kijana mmoja wa mtaani asiye na uwezo. Darasa la bure kabisa silishauri kwa watu wazima. Likifadhiliwa na mtu, hufa siku mfadhili anapoondoka. Ada ndogo inayolipwa kwa awamu, au kuni na vibarua vya kukanda udongo badala ya fedha, humfanya mtu aone nafasi ile ni yake.

Watoto watengee kipindi chao, kifupi, saa moja na nusu hivi, na wafinyange vitu vidogo vizito kidogo: ng'ombe, mitumbwi, vibakuli. Wanyama wao watobolewe chini na kukombwa ndani, la sivyo watapasuka. Katika kuchoma, wasimame nyuma ya kamba.

Yatakuja maswali ya biashara. Mwanafunzi wa kundi la pili ataanza kuuza vyetezo na vyungu vya maua barabarani, pengine kwa bei ya chini kuliko yako, na ndugu zako watakuambia umefuga mshindani. Usimzuie. Kaeni pamoja mpange bei ambayo haitamwua yeyote kati yenu, mfundishe kuhesabu saa zake kama unavyohesabu zako, na oda ikikuzidi, ya vyungu mia vya bustani au mitungi ya hoteli, mpe sehemu yake. Mteja mkubwa hawezi kumtegemea fundi mmoja anayechoma mara moja kwa mwezi. Mtaa wenye mafundi watano atautegemea.